Ndoo ya Maji kwa Kokoo

Wiki hiyo kazini tulifunzwa kwamba moshi wa jiko kwa nyumba iliyofungwa unaweza kuua mtu akiwa amelala. Jumamosi asubuhi, hapa Kitengela, nikaona moshi ukitoka chini ya mlango wa Kokoo, nyanya ya mwenye ploti. Niliita mara tatu, kimya. Nikanyakua ndoo ya maji. Nikasukuma mlango kwa bega na kumwaga ndoo nzima kulikokuwa na moshi, nikimlilia Mungu.

Nilikuwa nimesahau Kokoo hasikii vizuri.

Alikuwa kwa kigoda, amelowa mpaka shanga, ameshika kibuyu alichokuwa akisugua ndani kwa kijinga cha moto, vile Wamaasai huandaa kibuyu cha maziwa kwa moshi.

"Baba Atieno," akaniuliza polepole, "kwenu watu hubisha hodi na ndoo?"