Spea ya Jabir

Ngwali wa Konde, fundi wa pancha kwa miaka thelathini, aliwadharau watu wengi, lakini hakuna aliyemtia kinyaa kama Jabir, mume wa binti yake. Wiki tatu nzima bwana huyo alizunguka mjini na spea ndogo, kile kitairi chembamba cha kumfikisha mtu kwa fundi tu, gari limelala upande. Tena mwalimu, kusoma anajua, na ubavuni pa kitairi pameandikwa kisiendeshwe mbio wala mbali.

"Ntu mzima waendeshea gurudumu la toroli," Ngwali alimwambia mbele ya wateja, nao wakacheka.

"Tairi langu bado, baba?" Jabir aliuliza kwa adabu.

"Bado."

Uongo mtupu. Tairi lake kubwa lilikuwa tayari tangu siku ya pili, limezibwa, limejazwa upepo, limefichwa nyuma ya pazia la kibanda. Ngwali hakulitoa kwa sababu kile kicheko kilimnogea.

Adhuhuri moja ikaja habari kutoka Wingwi: dada yake, Bi Mwatima, amefariki, anazikwa baada ya alasiri. Ndiye aliyemlea. Hakuwa na mume wala mtoto, na maharimu wa kumshusha kaburini alikuwa Ngwali peke yake. Jabir alikuja na gari hapo hapo.

"Baba, lile tairi bado? Njia ya huko mbaya."

Wateja walikuwa barazani, wanasikiliza. Kulibadilisha ni dakika kumi tu, lakini angesema nini?

"Bado," akajibu, akapanda.

Spea ilipasuka kwenye mawe, nusu ya njia. Ngwali alishuka akaitukana, akamtukana aliyeitengeneza na aliyeifunga. Gari jingine halikupita, wakatembea kwa miguu. Walipofika, watu walikuwa wanakung'uta udongo mikononi.

"Tulikungoja mpaka jua likataka kuchwa," Shehe Msellem alimwambia. "Tumemshusha sisi majirani."

Siku ya tatu, baada ya hitima, Jabir alikuja kibandani kutafuta jeki, akafunua pazia. Akalibonyeza tairi lake kwa kidole gumba. Lilikuwa gumu, lina vumbi la wiki tatu.

"Tangu lini, baba?"

Wateja wakageuka kumsikiliza fundi, maana huyo hakosi la kumwambia mtu. Ngwali aliinama, akaanza kufungua tairi la baiskeli lisilokuwa na pancha.