Safari ya Mama Ziwani

Harufu ya tanuri la matofali hainitoki puani hadi leo: moshi wa kuni mbichi za mkalitusi uliochanganyika na udongo unaoungua. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, nami nilikuwa msichana wa darasa la nne, kwetu mlimani karibu na Ikonge. Majani ya chai yalikuwa yameanza kuwapa watu fedha, na kila aliyezipata alitaka nyumba ya matofali na mabati. Baba alikuwa amemwahidi Mama nyumba hiyo tangu wachumbiane, na Mama hakuwa mtu wa kusahau. Kila mvua ilipopenya paa la nyasi, alisogeza sufuria chini ya tone na kusema, "Baba Kerubo, leo tena naletewa maji mpaka kitandani." Kerubo ndiye mimi.

Chini bondeni kulikuwa na kinamasi cha mafunjo marefu kuliko mtu, yaliyosongamana hata jua lisiguse maji. Tukitumwa kuchota maji pale, miguu ilikufa ganzi kwa baridi. Chini ya mafunjo hayo ndiko kulikokuwa na udongo mzuri wa matofali, basi Baba na majirani wakayafyeka. Kila mtu alichimba shimo lake, akafyatua matofali kwa kalibu ya mbao, akayachoma, akaenda zake. Shimo liliachwa hapo hapo. Nani angehangaika kulifukia, na udongo umekwisha kuwa ukuta? Mvua ikayajaza mashimo, jua likayapasha moto, na sisi watoto tukafurahi ajabu, maana kwa mara ya kwanza tulipata maji ya uvuguvugu ya kuchezea. Mimi na Moraa, binti wa jirani, tulikinga kwa viganja vile vidudu vinavyojipindapinda juu ya maji, tukaviita samaki wetu. Samaki! Walikuwa mbu watarajiwa, nasi tukiwachunga kama mifugo.

Hapa lazima nieleze jambo moja kuhusu watu wa kwetu wa wakati ule. Malaria haikuwa ugonjwa wetu. Ilikuwa kitu ambacho mtu alikwenda kukichukua ziwani, kwenye joto, akarudi nacho. Tulijivunia baridi yetu kupita kiasi. Mtu akishikwa na homa, swali la kwanza lilikuwa: umetoka wapi? Hata dresa, mhudumu aliyetibu watu pale zahanati, ambaye dawa zake za malaria zilikuwa chache, aliwawekea waliotoka safarini. Asiyesafiri alipewa dawa ya kifua, akaambiwa ajifunike vizuri.

Nyumba ilipokamilika, Mama aliimba siku nzima akipaka sakafu. Hatukuwa tumekaa ndani yake muda mrefu alipoanza kutetemeka. Baba alimpakia kwenye baiskeli, akaisukuma hadi zahanati, mimi nyuma na kikapu. "Amesafiri?" dresa aliuliza. Baba akajibu kweli tupu: hajapita soko la Ikonge. Tukarudi na chupa ya dawa ya kikohozi, na Mama hakuwa hata akikohoa. Siku zilizofuata alichemka, akapoa, akachemka tena, mpaka akawa ananiita kwa jina la dada yake aliyekufa. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani.

Baba alikuwa amekata miwa huko kwenye joto ujanani, na mtetemeko ule aliujua. Alikuwa pia mzee wa kanisa la Sabato, mtu aliyewahi kumrudisha kaka yangu kwa jirani akaungame wizi wa pera moja. Mtu huyo huyo alisimama tena mbele ya dresa, kofia mkononi, akasema, "Daktari, nilisahau. Alikwenda ziwani kumwona dada yake." Niliangalia chini. "Mbona hukusema mapema, mzee?" dresa alifoka, na papo hapo akatoa sindano. Baada ya siku chache Mama alifumbua macho, akauliza kama kuna chai. Nililia kwa furaha mpaka nikafukuzwa chumbani.

Katika mvua zile zile homa ilimshika Moraa. Mama yake alimpeleka kwa dresa yule yule, akaulizwa swali lile lile, akajibu kweli, akapewa chupa ile ile. Tulimzika kando ya migomba yao. Mama yangu hakuweza kulificha, akamweleza Mama Moraa yote. Mama Moraa akaja, akasimama mlangoni mwa nyumba yetu mpya, asiingie. "Mzee, ulijua la kusema," alimwambia Baba. "Mbona hukunifundisha nami niseme?" Baba alijibu kwa shida kwamba aliona uongo ule ni aibu yake peke yake. Yule mama akageuka, akaenda.

Kesho yake Baba alichukua jembe, akashuka bondeni, akaanza kufukia shimo letu. Watu walimcheka, wakamwuliza anazika nini. "Mke wangu hakwenda ziwani," aliwaambia. "Basi ziwa ndilo limetufuata." Alimwendea hata dresa, akaungama. Dresa alimsikiliza kwa heshima, kisha akamgeukia mgonjwa aliyefuata na kumwuliza kama amesafiri.

Nyumba ile ingali imara, na leo kila kitanda ndani yake kina chandarua. Mafunjo hayakurudi. Bondeni sasa kuna sukuma wiki, mikalitusi, na mashimo, maana matofali bado yanafyatuliwa. Mwaka jana nilimpeleka mjukuu wangu mwenye homa zahanati. Muuguzi, binti mdogo tu, alimdunga kidole kupima malaria kabla ya kuuliza lolote. Nikajikuta namwambia, "Hajasafiri popote." Akacheka. "Nyanya, kwani lazima asafiri?"

Nikiwa njiani kurudi nilipitia kwa Mama Moraa. Ni mkongwe sasa, na angali katika nyumba ya udongo. Wanawe wamembembeleza wee awaruhusu wamjengee ya matofali, amekataa katakata. Nilimsimulia habari ya muuguzi. Alimtazama mjukuu wangu aliyekwisha kuanza kusumbua kuku wake.

"Kwa hiyo siku hizi hawaulizi?"

"Hawaulizi, Mama."

"Angepona basi," alisema, akanimiminia chai.