Alizeti Niliyoipepeta

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye stoo ya nafaka kule Iringa, nilikabidhiwa ufagio, brashi na bambo. Bambo ni chuma chembamba chenye mfereji. Unachoma gunia, punje zinateremka mkononi bila kufungua mshono. Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la pili tu. Mkuu wa Stoo akaniuliza, "Mama Neema, kuhesabu unajua?" Nikamjibu, "Nina watoto sita na hajapotea hata mmoja." Akacheka, akaniandika.

Baadaye nikahamishiwa Mbeya, maabara ya kiwanda kimoja cha mafuta pale Iyunga. Miaka ya sabini ilikuwa inaelekea ukingoni. Zamani kupima mafuta ya alizeti ilikuwa kazi ya kutwa: unasaga, unachemsha kwa dawa, unangoja. Ndipo ikaletwa mashine ya mwanga. Msifikiri ni taa. Ule ni mwanga jirani na mwekundu, jicho haliuoni. Unaipiga alizeti iliyosagwa, na kwa namna unavyorudi mashine inajua mafuta ni kiasi gani na maji kiasi gani. Dakika chache, basi. Mwendeshaji alikuwa Ndugu Elia. Mimi nilimwandalia sampuli: nachoma magunia, nasaga kidogo kidogo maana ikipata joto maji yanakimbia, najaza kikombe, nafuta kioo chake.

Wiki za mwanzo mashine ilisifu kila mzigo kuwa una mafuta mengi, lakini kwenye kukamua mafuta yakatoka pungufu. Mkuu wa Maabara akawaka.

"Elia, ama mashine mbovu, ama wewe huijui. Jumatatu narudisha vyote viwili: mashine ilikotoka, na wewe kwenu Rujewa!"

"Ndugu Mkuu, nimefuata kitabu."

"Kitabu hakikamui mafuta!"

Mke wa Elia alikuwa mjamzito. Elia akabaki anafuta kioo ambacho nilishakifuta.

Nami nilikuwa pale pale na ungo wangu, napepeta sampuli kabla ya kusaga. Mama yangu alinifunza hivyo: mwanamke hapeleki kinuni kitu chenye makapi. Mkono ukasimama. Gunia lina mapepe, maganda matupu, vumbi. Mimi nayatupa dirishani, na mashine inapima alizeti ya ungo wangu, si ya gunia.

Nilitaka kunyamaza, siwafichi. Kazi ile ndiyo iliyolisha nyumba yangu. Lakini nikasema, "Ndugu Mkuu, mwongo si mashine. Ni mimi."

Nikamwonyesha ungo na makapi niliyoyatupa. Alipoelewa akakaa kitini. "Nani alikuambia upepete?"

"Na nani aliniambia nisipepete?"

Elia ndiye aliyeanza kucheka. Mkuu akanipa bambo. "Choma gunia lilelile. Saga na uchafu wake."

Nikasaga, roho ikiniuma kama napikia wageni pumba. Elia akasoma mashine, kisha tukangoja mzigo ukamuliwe. Safari hii kipimo cha mashine na mafuta yaliyokamuliwa vikakubaliana.

Sikufukuzwa. Mkuu akaagiza kila mama mpya apitie kwangu, na nikawafundisha mpaka nastaafu. Ninyi mnaoingia maabara na vyeti vyenu, siwabembelezi: ukikosea, sema siku hiyohiyo, mwenzako asibebe. Namshukuru Mungu, na Mkuu yule aliyekubali kusahihishwa na mama wa ufagio.

Mtoto wa Elia alizaliwa mwezi uliofuata, hapo hapo Mbeya, baba yake akiwa bado na kazi yake. Nilikwenda kumwona, nikampakata muda mrefu, mpaka mama yake akaniuliza kama nimesinzia.