Pikipiki ya Mtu Mmoja

Ujana ni moshi, wahenga walisema. Wangu ulikuwa na kelele pia.

Miaka ya sabini nilikuwa fundi wa mashine kwenye kinu cha pamba, Shinyanga. Padre mmoja aliyekuwa anarudi kwao Ulaya aliniachia pikipiki yake kuukuu, iliyolala kwenye banda la kuku mpaka kuku wakataga juu ya siti. Mtu mwenye akili zake angeisafisha na kumshukuru Mungu. Mimi nilikuwa nimeona picha.

Picha hiyo ilikuwa kwenye ukurasa wa gazeti la Ulaya niliofungiwa vitumbua. Kijana wa huko kalala kifudifudi juu ya pikipiki, usukani uko chini karibu na magoti, siti fupi yenye kinundu nyuma. Nikasema huyu ndiye mimi. Hakuwa mimi hata kidogo, lakini nani angeniambia?

Nilihangaika nayo miezi minne. Usukani nikaugeuza juu chini. Siti nikaikata, nikaishona upya kwa ngozi ya mbuzi. Bomba la moshi nikalitoboa ili lingurume. Keria, iliyobeba wagonjwa na magunia ya mahindi ya parokia nzima, nikaiondoa kwa msumeno. Mzee aliyekuwa mkuu wangu karakana akaizunguka, akasema, "Umeipunguza." Nikamwona mshamba.

Wakati huo nilikuwa nachumbia binti wa kijiji kimoja jirani na Kharumwa. Nilimpenda mpaka nasahau kula. Mshenga alishakwenda mara mbili, wazee wakalainika. Ilibaki mimi mwenyewe kwenda kuonwa, nikubaliwe au nikataliwe. Mshenga akanisihi twende kwa basi. Basi? Mimi?

Sasa, kwetu Usukumani mama mkwe hazoeleki. Ukikutana naye njiani unapisha na kuinamisha macho, hata mtoto anajua. Nilichosahau ni kwamba kwenye pikipiki ile kilichoinuka kilikuwa kingine. Niliingia uani nikinguruma, kuku wakatawanyika, nikazunguka mara moja ili nionekane vizuri. Mama alikuwa nyuma yangu anaanika mpunga. Kitu cha kwanza alichokiona kwa mkwe wake kilikuwa makalio, yamebinuliwa juu ndani ya suruali nyeupe ya bugaluu. Akajifunika kanga usoni, akaingia ndani.

Nilitamani ardhi inimeze. Nikashuka, nikamwamkia baba mkwe. Akaitikia marahaba yake taratibu. Akaikaribia pikipiki, akapima siti kwa kiganja. Kiganja kimoja na nusu.

"Umeitengeneza mwenyewe?"

"Ndiyo, baba."

"Ukiwa umeshaanza kumposa binti yetu?"

"Ndiyo, baba," nikasema, tena kwa majivuno, mjinga mimi.

"Basi binti yetu utampakia wapi?"

Nikaitazama ile siti. Miezi minne nilipima kila kitu kwenye chuma kile, ila yeye sikumpima. Naye alikuwa amesimama mlangoni, ananitazama, anasubiri jibu kama baba yake. Yale macho yaliniuma kuliko swali.

"Nenda kairekebishe," baba akasema. "Ukishindwa, usirudi."

Nikarudi Shinyanga na vumbi langu. Karakana yule mzee aliingia nyuma ya mlango, akatoka na keria yangu niliyoitupa, ameifuta na kuipaka mafuta. Tukaichomelea pamoja. Usukani nikaurudisha juu, tundu la bomba nikaliziba.

Mara ya pili nilizima injini mbali, nikaikokota pikipiki kupita ua wa minyaa, nimevaa suruali ya kawaida na macho nimeyainamisha. Mama alikuwa ndani, mlango umeachwa wazi kidogo. Baba mkwe alinipita, akaketi juu ya keria, akajinyanyua, akajibwaga tena kwa uzito wake wote. Kisha akageukia mlangoni.

"Mama," akasema, "inabeba."