Mume Wangu Alikoroma, Watu Wakapiga Makofi

Siku mume wangu alipokuwa anakufa, watu walimpigia makofi.

Sitanii.

Tulikuwa na risaga shambani kwetu, nje kidogo ya Nkende. Risaga ni hivi: majirani wanakuja kukulimia, wewe unawapikia na kuwaandalia pombe. Anayechoka wa kwanza anataniwa mpaka msimu ujao.

Heche wangu hajawahi kutaniwa. Mgongo unamuuma kila siku, ila akishika jembe hakamatiki.

Mchana akanywa pombe kidogo, akajilaza kwenye nyasi. Akaanza kukoroma. Mkoromo wenyewe kama una maji ndani.

"Huyo ndiyo mwanaume!" akasema mzee Waitara. Makofi pwaa!

Nikaenda kumfunika uso, jua lisimchome. Midomo imekuwa zambarau. Puani povu lenye damudamu.

"Heche! We Heche!" Nikamzaba kofi. Wapi!

Nilipiga yowe. Niliogopa, jamani. Stanslaus, jirani yetu, akaleta pikapu yake, wanaume wakambeba juu juu wakampakia, tukapanda wote na mama mkwe mpaka hospitali.

Daktari, binti mdogo tu, akammulika macho, akamchoma sindano, akamwekea oksijeni.

"Mapafu yamejaa maji," akasema.

Mama mkwe akaruka. "Maji? Huyu mtoni hajafika tangu juzi!"

"Siyo ya mtoni, mama. Dawa kali za maumivu hizo, tena na pombe. Pumzi inafifia, mapafu yanajaa maji. Huwa anameza nini?"

"Hamezi kitu," nikajibu. "Mimi si ndiyo mke wake?"

Mzee Waitara akakohoa, akaingiza mkono mfukoni, akatoa pakiti ya vidonge.

"Daktari, labda hivi? Kuna jamaa anatuletea mnadani."

Stanslaus naye akatoa vyake. Halafu wengine wote.

Daktari akawatazama wale mabingwa wa jembe.

"Kaeni kwenye benchi. Wote. Nawapima vifua."

Heche alifumbua macho kesho yake. Neno la kwanza: "Mstari wangu nani amemalizia?"

Nikacheka huku nalia.

Ndugu zangu, vidonge vya mnadani acheni. Na mtu akikoroma kama ana maji kooni, ukimwamsha haamki, msimwache alale. Mkimbizeni hospitali.

Risaga iliyofuata, jua halijakaza, mabingwa wote, bila vidonge, wako kivulini wameshika viuno.

Nusu ya shamba bado ni magugu. Mume ninaye.