Mbuzi Iliyonukia Pori

Mama mudogo wangu alikuwa na ulimi mukali, na wateja walimupenda kwa huo ulimi. Mutu akishika nyama bila kununua, alimuuliza: "Unaisalimia ama unainunua?" Mimi niliuza mawese pembeni yake, sokoni Butembo, na nilicheka tangu baridi ya asubuhi hadi jioni. Yeye aliuza nyama ya pori: swala, nungu, nguruwe wa msituni, na nyani, ambao kwetu ni makako, yote imekaushwa kwa moshi hadi kuwa nyeusi. Malori yaliileta kutoka misitu ya upande wa Beni. Mama yangu alipokufa, huyu mudogo wake ndiye aliyenilea. Nikisema nilimupenda, ninasema kidogo.

Ilikuwa wakati wa rébellion, waasi ndio waliotawala. Mji wetu ulikuwa na wakubwa wake, na bureau zake, na mihuri yake, na askari waliotugombeza kwa Lingala. Shamba letu la Kalunguta hatukuweza tena kulifikia kwa sababu ya watu wenye bunduki. Donc basi, meza ile ndiyo iliyotulisha wote nyumbani, pamoja na watoto wa ndugu waliokimbia vita.

Kisha ikaja marufuku. Radio ilisema, padri akarudia kanisani: kuna ugonjwa unatoka kwa wanyama wa msituni, unaingia kwa mutu anayechuna na kukata, kisha unapita kwa wenzake. Kuanzia sasa, hakuna kuuza nyama ya pori. Wauzaji wenzake wakapiga kelele: "Babu zetu balikula, bakazeeka!" Wengine wakahamishia nyama chini ya meza, ndani ya magunia ya muhogo. Nilifikiri na yeye atafanya vile, maana wakubwa wa wakati ule hakuwaheshimu hata kidogo. Hapana. Alinionyesha vidole vyake, vimejaa alama za kisu, kimoja bado na kidonda kibichi.

"Damu inapitaka hapa," akasema. "Na mikono hii njo inalisha batoto. Vita iliniulia bangu babiri. Wa tatu hatakufa ku kisu yangu."

Siku ileile akavunja kichanja cha kukaushia nyama, akakitia moto, na kisu akakitupa chooni. Nilikililia kisu kile, jamani, kilikuwa kizuri.

Akaenda kwa jirani yetu Mwislamu mwenye lori, aliyeleta mbuzi kutoka Kirumba. Tulimwita Hadji, ingawa Maka hajawahi kuiona. Hadji alikubali kumuuzia mbuzi na kuchinja mwenyewe, mais kwa masharti: kichanja kipya, kisu kipya, kapu jipya, na nyama nyingine yoyote isikaribie.

"Hadji, unanioa ama unaniuzia mbuzi?" mama mudogo akamuuliza. Yule muzee alicheka hadi kofia ikaanguka.

Alitaka mbuzi inukie kama nyama ya pori, mais kuni za karatusi za kwetu zilikataa. Nyama ilinuka dawa ya kikohozi. Akaagiza kuni za msituni, akatia chumvi, akaiacha juu ya moshi mwembamba kwa siku nyingi. Siku aliponionjesha nilifumba macho. "Mama mudogo, hii ni swala kabisa!" Alinikumbatia kwa furaha.

Kumbe hapo ndipo tulipojikwaa. Wateja wa zamani walirudi wote, wakikonyeza macho. "Mama, unikatie ile mbuzi inapandaka miti."

"Ni mbuzi ya Kirumba!"

"Eeh, tunajua, ya Kirumba!" Na walicheka, wakanunua. Kadiri alivyoapa, ndivyo walivyokonyeza. Mazoea yana taabu. Mwisho maneno yakafika bureau ya hygiène, ile ya afya na usafi, na asubuhi moja mkubwa wao akasimama mbele ya meza na askari. Wakikuta nyama ya pori, wanaichoma, na mwenyewe anatolewa sokoni moja kwa moja.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni mbuzi."

Wateja nyuma wakaangua kicheko. Kicheko kile kilituua. Mkubwa akanusa. "Mama, mimi mutoto ya Beni. Pua yangu inajua."

"Basi pua yako irudi masomo!" nikapiga kelele, hasira imenipanda. Mama mudogo akanifinya. Askari aliinua kapu. Mama mudogo alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Mutu alikuwa amekimbia kumwita Hadji. Akafika na mafuta ya lori mikononi, akaomba maji, akanawa polepole. Akachukua kipande ndani ya kapu. "Bismillahi," akasema, akakula. Kila mutu alijua kwamba muzee huyu hata njiani alibeba chakula cha nyumbani kwake, asije akala haramu. Akameza, akachukua kipande kingine.

"Nilichinja mimi mwenyewe," akasema. "Bato ya musikiti yangu bananiangalia hapa. Kama ninadanganya, mutu anisemeshe."

Mkubwa wa hygiène akarudisha kapu, akaondoka akitafuna. Tulipiga vigelegele!

Havikudumu. Wateja wetu walikuwa wamevimba kwa hasira. "Kumbe ni mbuzi ya kweli? Wakati huu wote unatudanganya?"

"Nilibaambia kila siku!"

"Ulituambia, mais hatukujua kama unasema kweli!"

Wakatuacha. Kesho yake hakuna aliyenunua, na keshokutwa vilevile. Nyumbani watoto walikula sombe tupu, majani ya muhogo bila nyama. Ndipo akaja mwanaume mmoja na gunia, akasema kwa sauti ya chini kwamba ana makako, na wateja wenyewe wanauliza. Nilimwona mama mudogo anatazama gunia lile, nikaogopa atakubali.

"Rudi kesho," akamwambia.

Asubuhi, kabla mutu yule hajarudi, walikuja wanawake wa Kiislamu na mabeseni, mke wa Hadji mbele. Hawa walipopita kwetu zamani, waliziba pua kwa shela, na jambo hilo lilimuuma mama mudogo kuliko alivyosema. Hakuweza kujizuia. "Leo hamuzibi pua?"

Mke wa Hadji akaona haya. "Mama, haikuwa kwa kuchukia. Harufu yako ilikuwa inatuita, na kwetu ni haramu. Tulikuwa tunajizuia. Hii mbuzi ni halali."

Mama mudogo akaketi juu ya gunia la muhogo la mutu mwingine, akalia kwa sauti mbele ya soko zima. Mimi ndiye niliyekata na kupima siku ile, hadi meza ikabaki wazi. Mwenye makako alipofika alimukuta angali analia. Alifikiri kuna msiba, akatupa pole, akaenda zake.