Jina la Bathsheba Redioni

Kwa miaka mingi Bathsheba alitamani kitu kimoja kidogo ambacho hakumwambia mtu: Cleophas Nyangate, mtangazaji, ataje jina lake redioni. Nyangate alikuwa mtoto wa kule Ekerenyo, si mbali na kwa Bathsheba, na Kenya nzima ilimjua. Alipoanza kuonekana kwenye televisheni pia, Bathsheba alikuwa akienda Keroka kununua chumvi dukani kwa Mahesh, palipokuwa na televisheni, apate tu kumtazama.

"Mama, huyu ni mtu wenu?" Mahesh aliwahi kumuuliza.

"Wetu kabisa," akajibu, kana kwamba alimzaa yeye.

Jumatatu moja, wakisubiri majani chai yapimwe kule Gesima, jirani yake Celestine alimshika mkono.

"Pole, Mama Moraa. Mbona umerudi haraka hivyo kutoka Trans Mara?"

"Trans Mara nilienda lini?"

Celestine akauachia mkono wake. Yeye ni Mkatoliki, redio yake huimba wiki nzima. Kwa kina Bathsheba, Ijumaa jua likitua mumewe Manasseh huizima, na haiguswi mpaka Sabato iishe.

"Ndugu yako Ochoki ametuacha," Celestine alisema. "Nyangate alisoma tangazo Ijumaa jioni. Mazishi yalikuwa jana. Alisema dada wa marehemu, Bathsheba wa Gesima, apashwe habari. Alisoma vizuri, mama, bila haraka. Nikajua umeenda."

"Alinitaja?"

"Alikutaja."

Bathsheba alisogeza kikapu chake mbele, kikapimwa.

Kesho yake yeye na Manasseh walisafiri hadi Trans Mara. Udongo wa kaburi ulikuwa umeanza kukauka juu. "Tulijua umesikia," mjane wa Ochoki alimwambia. "Nani hamsikii Nyangate?" Bathsheba alisimama pale akingoja machozi. Hayakuja.

Ijumaa ilipofika, jua lilizama nyuma ya mikaratusi huku Nyangate akichekesha watu kabla ya matangazo ya vifo. Manasseh hakunyoosha mkono kuizima redio.

"Ukitaka, mwache asome," alisema. "Mungu anaelewa."

Bathsheba alingoja kumchukia Nyangate. Chuki haikuja, wala furaha ya zamani. Sauti ilikuwa ile ile, nzuri. Ilipoanza, "Tunasikitika kutangaza kifo cha," aliizima mwenyewe, kabla jina halijatajwa.

"Anzisha wimbo wa Sabato," akamwambia mumewe.

Manasseh aliimba ubeti wa kwanza peke yake. Katika wa pili, midomo ya Bathsheba ilikuwa ikisogea.